Benz C200 Kompressor inayopiga krrr asubuhi, ninunue au niache?

SWALI: Kamwene fundi. Mimi niko Njombe, nimepata Benz C200 Kompressor ya 2008, ile bodi ya W204, muuzaji yuko Mbeya mjini. Ndani safi, dashibodi inasoma kilomita 94,000. Mchana niliiendesha imetulia sana, ila kesho yake nikamfuata kwake alfajiri, alivyowasha nikasikia krrrr mbele ya injini sekunde mbili tatu hivi ikanyamaza. Anasema ni baridi ya mwezi wa saba tu, Benz zote za huku ndo zilivyo. Ni kweli? Na niangalie nini kingine kabla sijatoa hela?

JIBU: Kamwene kaka. Huyo jamaa kakwambia nusu. Baridi inafanya hiyo sauti isikike vizuri lakini haiitengenezi, Benz yenye cheni nzima unaiwasha saa kumi na mbili asubuhi hapa mtaa wa Forest, Mbeya, kioo kimejaa umande, na inanguruma tu basi. Hiyo krrr mara nyingi ni cheni ya taimingi, ile inayotoka krankshafti kwenda kuzungusha kamshafti zinazofungua valvu, pamoja na adjasta za kamshafti, yaani gia za mbele zinazorekebisha muda wa valvu kufunguka, na kwa injini hiyo ya M271, silinda nne cc 1,800 yenye kompresa ya kuisukumia hewa, ndo ugonjwa wake mkuu, na siyo wa Mbeya peke yake, huko Ujerumani na Uingereza nako mafundi wanaujua vizuri.

Iko hivi. Injini ikilala usiku oili inashuka chini kwenye sampu, lile bakuli la oili. Tenshena inayokaza cheni inategemea presha ya oili, halafu kuna adjasta mbili mbele ya kamshafti, moja ya valvu za kuingiza hewa na nyingine za kutoa moshi, ndani zina pini ya kuzishikilia zisicheze mpaka presha ifike. Sasa cheni ya M271 ni nyembamba, ya mstari mmoja, ikishavutika inakula meno ya adjasta, meno yanachongoka kama sproketi ya baiskeli ya mkaa, pini nayo inalegea, kwa hiyo zile sekunde za mwanzo vitu vinagongana humo ndani, oili ikipanda vinakaa sawa, kimya, na wewe uliyekuja kuangalia gari saa saba mchana unaambiwa imetulia. Na kweli imetulia! Mpaka siku cheni iruke jino, cheki injini inawaka, gari haishiki silensa (haitulii ikiwa imesimama), nguvu hakuna, na ikiruka meno zaidi valvu zinakutana na pistoni, hapo ujue umeshaingia gharama za silinda hedi.

Hiyo 94,000 isikufariji. Kurudisha kilomita ni kazi ya dakika chache, halafu hata kama ni za kweli, nyingi zinaanza kulalamika kwenye laki na kitu ila zingine kabla ya hapo, inategemea oili ilikuwa inamwagwa lini na oili gani. Hii injini inataka oili ya sintetiki yenye namba 229.5 ya Mercedes, lita 5 na nusu hivi, sasa kuna watu wanaweka ile nzito ya dumu ya kwenye malori kisa ni rahisi, halafu wanashangaa.

Rudi tena Mbeya alfajiri, na usimpigie simu ukiwa njiani. Ukifika shika boneti kwanza, ikiwa ya vuguvugu ujue kaipasha, gari imeshakuficha siri. Ikiwa ya baridi, simama mbele boneti iko wazi, mwingine awashe. Kisha ichomekwe mashine ya kusoma makosa, ukikuta namba ya kosa P0016 au P0017 maana yake kamshafti na krankshafti hazikubaliani, basi hakuna mjadala, ugonjwa ndo huo. Zisipotokea bado usishangilie, cheni inaweza kupiga kelele muda mrefu kabla kompyuta haijastuka, dawa ni kufungua kava ya valvu uone meno ya adjasta kwa macho. Siyo kazi kubwa, muuzaji akikataa hata kama fundi na gasketi ya kava unalipia wewe, ujue kuna sababu.

Ukiwa hapohapo mbele ya hedi utaona magneti mbili za kamshafti, zile zinazoongoza adjasta, kila moja ina plagi yake ya waya. Chomoa plagi, chungulia ndani kwa tochi. Ukikuta oili kwenye pini, hata tone dogo tu, magneti inavujisha na hiyo oili inapanda ndani ya waya kidogokidogo mpaka kwenye kompyuta ya injini. Fuata waya mpaka huko, chomoa plagi ya kompyuta nayo uiangalie. Kama huko kukavu unabadilisha magneti na kuweka vile vipande vifupi vya waya vya kuzuia oili, bei siyo ya kutisha. Huko kukiwa na oili, mimi ningeaga nikapande Coaster.

Mengine ya harakaharaka: ukichomeka funguo usikilize usukani ujifungue, uwe unajifungua mara moja kila unapochomeka, ukiona leo umekubali kesho umegoma hiyo ni loki ya usukani inaelekea kufa, na ikifa gari haiwaki kabisa. Gia boksi ya hiyo ni ya gia tano, ijaribu kwenye mlima, toka Uyole panda barabara ya Tukuyu mpaka Isyonje, isistuke ikibadili gia wala isigande kwenye gia ya pili. Na uangalie chini kama plagi ya waya ya gia boksi haivuji.

Kwenye matengenezo, usikubali mtu akubadilishie cheni peke yake akaziacha adjasta zilizochongoka, cheni mpya itaharibika mapema na hela imeenda. Weka cheni, adjasta zote mbili na tenshena, siku moja. Ghali hapo ni adjasta, cheni yenyewe siyo kitu. Injini haishushwi, cheni ya zamani inakatwa, mpya inafungwa kwenye ncha yake inavutwa mpaka izunguke, kisha inabanwa kwa chombo chake maalumu. Muulize fundi kama ana hicho chombo na loki za kushikilia kamshafti zisizunguke, akikwambia anaweka alama kwa rangi anatosha, mshukuru uondoke. Na yule wa kukwambia chukua injini ya mtumba iishe kazi, hiyo injini nayo ni M271, cheni yake nani kaiona?

Ninunue au niache? Mimi ningenunua, ila kwa bei ya gari mbovu. Hii gari kwa huku juu mita 1,700 ni tamu, kompresa inaisukumia hewa kwa hiyo mlimani haichoki sana kama injini ya kawaida ya ukubwa huo. Tafuta bei ya spea zote nilizotaja pamoja na ufundi, ziandike, mtolee kwenye bei yake mbele ya macho yake, umwambie na sauti uliisikia. Akishuka, chukua, na uipakie kwenye kareja (gari la kubebea magari) mpaka gereji kabla hujaanza kuitembeza Njombe. Akisema Benz zote ndo zilivyo, mwachie.