Flashi moja haitoshi

SWALI: Shikamoo kaka, mi napiga muziki kwenye maharusi huku Tanga, juzi bibi harusi ndo anaingia laptop ikazima, ukumbi mzima kimya. Nijipangeje?

JIBU: Marahaba, pole sana mdogo wangu, hiyo inauma. Nunua flashi mbili za GB 32, zifomati kwa mfumo wa FAT32 maana CDJ, zile mashine za ma-DJ za kuchomekea flashi, hazisomi mfumo wa NTFS, halafu toa pleilisti kwa rekordbox, ile programu ya kupanga nyimbo za DJ, kwenye zote mbili, usikopi tu mafaili kienyeji. Nyimbo za ubora wa 320 kbps zinaingia kama 3,000 hivi. Moja kaa nayo mfukoni, sio kwenye begi la laptop! Na simu iwe na miksi ya saa nzima, izimie mtandao, waya uwe ushachomekwa kwenye miksa kabla wageni hawajaingia.