Saa tano asubuhi mmechelewa

Mnauliza kama kundi lenu linaweza kuondoka saa tano asubuhi kupanda mlima wenye theluji mwezi Novemba. Hapana, kwa kilomita 12 kwenda na kurudi zenye kupanda mita 1,200, msiondoke saa hiyo. Pigeni hesabu kwa kanuni ya kukadiria muda wa kutembea milimani ya Naismith, mpanda milima Mskoti aliyeitoa mwaka 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, pamoja na saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Unapata kama masaa manne na nusu. Lakini hiyo ni kwa mtu mwenye afya, njia nzuri, bila mapumziko na bila theluji. Kundi huenda kwa mwendo wa aliye nyuma kabisa. Mmoja akisimama kukaza kamba za viatu, wote mmesimama. Mimi huongeza nusu yake, yaani mtarudi saa kumi na moja na nusu jioni, na mwezi Novemba nchi nyingi za kaskazini jua huwa limeshazama.

Theluji changa ya majira haya nayo ina hila: inafunika mawe na mashimo bila kuwa imeshikamana, kwa hiyo kushuka hakuwi haraka kama mnavyodhani. Ondokeni alfajiri, kubalianeni saa ya kugeuka hata kama kilele kinaonekana, na kila mtu awe na taa yake ya kichwani, si moja ya kiongozi tu. Ila kama kuna miteremko mikali, ya nyuzi 30 au zaidi, kanuni hii haitoshi. Someni kwanza taarifa ya maporomoko ya theluji ya eneo hilo.