Ndege wa uani: anza na maji, mafuta waachie wenye theluji

Ndugu uliyeuliza kama utundike bonge la mafuta na mbegu kwa ajili ya ndege hapo Mbarara: binamu yako wa Kanada hakukudanganya, ila ushauri wake ni wa kwao. Theluji ikifunika ardhi, mbegu na wadudu havifikiki, usiku ni mrefu, na ndege mdogo huchoma mafuta ya mwili wake hadi kukuche. Hapa bonge hilo litaanza kutiririka kabla ya saa sita mchana. Mafuta yakishika manyoya, hayazuii tena maji wala baridi, na chini ya mti utakuwa umewaita siafu na panya.

Huku kinachopungua ni maji, hasa Juni hadi Agosti. Tafuta kile kisahani kipana cha udongo cha kuwekea chungu cha maua, upana wa sentimita 30 au 40. Maji yawe sentimita 2 ukingoni, yasizidi 5 katikati. Beseni la plastiki linateleza. Ndege akikosa pa kushika miguu haogi. Kama unalo hilo tu, tandaza changarawe na uweke jiwe litokeze juu ya maji. Inua chombo kiasi cha mita 1, umbali wa mita 2 au 3 kutoka kichakani: ndege apate pa kukimbilia mwewe akitokea, lakini paka asiweze kumrukia akiwa amejibanza. Badilisha maji kila siku, sugua kwa brashi bila sabuni kila wiki. Kwenye joto, yai la mbu huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi, kwa hiyo ukizembea unafuga mbu, si ndege.

Chakula ni nyongeza tu. Konzi moja ya ulezi, mtama au chenga za mchele asubuhi yatosha. Kikibaki mchana, punguza. Karanga zenye ukungu usithubutu, aflatoksini, sumu ya ukungu huo, inaua ndege pia. Za chumvi nazo hapana. Mkate huwajaza tumbo bure. Nusu papai kwenye msumari itawaleta shore na kuzumburu, na tumbili wakishajua njia, liondoe siku kadhaa.

Kwa chozi, yule ndege mdogo anyonyaye nekta (maji matamu ya maua), wengine huweka maji ya sukari, kikombe 1 kwa vikombe 4 vya maji, bila asali wala rangi. Kwa jua letu huchacha upesi, lazima uoshe chombo kila siku. Mimi naona heri kupanda shubiri. Hata milimani Rwenzori, kwenye theluji yetu wenyewe chini ya kilele cha Margherita (mita 5,109), yuko chozi anayeishi kwa nekta ya lobelia kubwa na wadudu. Hakuna anayemtundikia kitu.

Mbayuwayu na keremkerem wanaokimbia baridi ya Ulaya, ambao huwa huku kuanzia Oktoba hivi hadi Aprili, hawana habari na mbegu zako. Wanakula wadudu wakiwa angani. Hao wasaidie kwa kuacha kupuliza dawa uani na kubakiza kipande cha nyasi bila kufyeka. Sumu ya panya nayo iache: bundi akila panya aliyelewa sumu, anakufa naye, na huyo ndiye aliyekuwa akikupunguzia panya.