Krismasi kwa mtindo wa baleti

Dada, umeuliza uvae nini kwenye sherehe ya Krismasi huko London ili upate ladha ya baleti bila kuonekana umetoka jukwaani. Anza na viatu: vile vya flati, laini, vyenye kifundo kidogo cha utepe mbele. Mwaka 1956 Rose Repetto, mtengenezaji wa viatu vya baleti wa Paris, alimtengenezea Brigitte Bardot, mwigizaji wa filamu wa Ufaransa aliyekuwa amesomea baleti, viatu vyekundu vya namna hiyo, vikaitwa Cendrillon. Hadi leo kampuni ya Repetto inaviuza. Kwa hiyo vyekundu kwa sikukuu, vaa bila wasiwasi!

Ila soli zake ni nyembamba mno na baridi ya Desemba itakupanda. Njiani vaa buti, viatu vibebe kwenye mkoba, ubadilishe ukifika.

Sketi ya neti inapendeza pia, lakini ishuke chini ya goti na iwe na rangi iliyokolea, kijani cha chupa kwa mfano. Waridi hafifu waachie watoto. Juu tupia lile sweta jepesi la kupishanisha kifuani na kufungwa kiunoni, ambalo wachezaji huvaa wakipasha mwili moto. Nywele zifunge kwa utepe wa satini, basi.