Kiungulia si kucheua, na asidi hairudi

SWALI: Natafsiri dodoso na fomu ya ridhaa ya utafiti kuhusu ugonjwa wa asidi kupanda kwenye umio. Rasimu niliyokabidhiwa inasema "kuungua moyo" penye kiungulia, na "kucheua" imetumika kwa dalili zote mbili kuu, yaani kiungulia na chakula au majimaji kupanda mdomoni. Mhariri anataka "tindikali" badala ya "asidi". Zaidi ya hayo, sentensi "usile saa 3 kabla ya kulala" inanitia shaka. Nishike lipi?

JIBU: Futa "kuungua moyo" kabla ya jambo lingine lolote. Kwa Kiswahili moyo una kazi nyingi mno. Ukichafuka, mtu anataka kutapika. Ukiuma, pengine ana huzuni. Mgonjwa akiulizwa kama moyo wake unaungua, mmoja atajibu kuhusu kichefuchefu, mwingine kuhusu mawazo, wa tatu atashtuka na kudhani kifua chake kinapimwa ugonjwa wa moyo. Hilo la mwisho si mzaha: maumivu ya kifua yanayotoka kwenye moyo wenyewe ndiyo daktari anayopaswa kuyaondoa kwenye orodha kabla ya kuilaumu asidi. Neno tunalo, nalo ni kiungulia. Limebeba "ungua" ndani yake na halimgusi moyo hata kidogo.

Hata hivyo, usiliache kiungulia lisimame peke yake kwenye dodoso. Wapo wanaoliita kiungulia tumbo lililojaa gesi, na wapo wanaomaanisha maumivu ya chembe cha moyo. Watafiti wanaouliza kwa Kiingereza walikwama papo hapo, kwa sababu neno lao, "heartburn", nalo lilieleweka tofauti kwa watu tofauti, wakaona ni heri waieleze hisia yenyewe kuliko kutaja jina lake. Fanya hivyo: "Je, umehisi moto unaopanda kutoka tumboni au chini ya kifua kuelekea shingoni (kiungulia)?" Maelezo yatangulie, jina lifuate.

Sasa kucheua. Ng'ombe anacheua, yaani anarudisha majani mdomoni ayatafune upya. Mtu aliyeshiba anacheua, yaani anatoa hewa. Mtoto mchanga anacheua maziwa. Ni maana tatu halali, na utafiti wako unaitaka ile iliyo karibu na ya mtoto tu: chakula au majimaji kupanda hadi kooni au mdomoni bila kichefuchefu na bila kujikamua. Kujikamua ndiko kunakotenganisha kucheua na kutapika. Ukiandika "je, unacheua?" na kuishia hapo, kila anayetoa hewa baada ya mlo atajibu ndiyo. Andika: "Je, chakula au majimaji makali au machungu yamepanda hadi kooni au mdomoni?" Acha sifa zote mbili, "makali" na "machungu", kwa kuwa ukali na uchachu ni wa asidi, ilhali uchungu mara nyingi ni wa nyongo, na vyote viwili huweza kupanda.

Kosa la neno hapa linageuka kuwa kosa la hesabu. Chukua dodoso la GerdQ linalotumika sana. Lina maswali 6 kuhusu siku 7 zilizopita, na majibu ni siku 0, siku 1, siku 2–3 au siku 4–7. Kiungulia, kucheua, kukosa usingizi kwa ajili ya dalili hizo na kumeza dawa za ziada hupewa alama 0, 1, 2, 3 kwa mfuatano huo. Lakini maumivu ya chembe cha moyo na kichefuchefu huhesabiwa kinyumenyume: siku 0 ni alama 3, siku 4–7 ni alama 0, kwa sababu dalili hizo zinaelekeza kwenye matatizo mengine ya tumbo. Jumla ya juu ni 18, na kuanzia 8 ugonjwa unashukiwa. Mtu mwenye kiungulia kila siku na asiye na kichefuchefu anastahili 3 na 3, yaani 6. Mwulize kwa lugha ya moyo, aelewe kuchafukwa na moyo: kwenye swali la kiungulia atapata 0, na kwenye kichefuchefu atabaki na 3 yake. Alama 3 zimepotea kwa neno moja, na huenda mgonjwa halisi akaachwa nje ya utafiti.

Kwenye dodoso hilohilo usiandike "wiki iliyopita". Anayejibu Jumatano atahesabu Jumatatu hadi Jumapili ya wiki iliyokwisha, na zile siku 2 za mwanzo wa wiki hii zitaanguka. "Katika siku 7 zilizopita" haina mwanya huo.

Kuhusu tindikali, mhariri wako hajakosea kikamusi. Tindikali ni asidi. Shida iko masikioni: watu wengi wamelizoea kwenye habari za waliomwagiwa tindikali usoni na kwenye maji ya betri. Ukimwambia mshiriki kwamba tindikali inapanda kooni mwake, umempa hofu ambayo haimo kwenye maandishi ya asili. Asidi imeshaingia kwenye Kiswahili cha zahanati na cha darasani, basi iache.

Kitenzi cha kwenda nayo je? Wengi huandika "kurudi kwa asidi". Kinachorudi ni kile kilichotoka huko kwanza. Chakula kilipita kwenye umio, kwa hiyo chakula kinaweza kurudi. Asidi hutengenezwa tumboni na haikuwahi kupita juu, yenyewe hupanda. Ndiyo maana napendelea "asidi kupanda kwenye umio", na pale ambapo usahihi unadaiwa zaidi, "yaliyomo tumboni kupanda kwenye umio", maana si asidi peke yake. Na iwe umio, si koo. Koo ni la juu, umio ni bomba lenye urefu wa sentimita 25 hivi linaloshuka hadi tumboni. Kipimo cha asidi huwekwa sentimita 5 juu ya msuli unaofunga mlango wa tumbo. Ukiandika "kooni", mshiriki atasubiri kitu kikwame shingoni.

Papo hapo kwenye kipimo kuna mtego ambao umewanasa hata wafasiri wazoefu. Kinachosomwa ni pH, yaani namba inayoonyesha ukali wa asidi, nayo hushuka asidi inapozidi. Sentensi "kiwango cha asidi kikishuka chini ya 4" imegeuza maana juu chini. Sema "pH ikishuka chini ya 4, yaani asidi ikizidi". Ripoti hutaja sehemu ya muda ambao umio ulikuwa katika hali hiyo: zaidi ya asilimia 6 ni dalili ya wazi ya ugonjwa, chini ya asilimia 4 ni kawaida, katikati ni utata. Kwa msomaji wa kawaida asilimia hizo hazionekani, kwa hiyo zigeuze dakika. Kati ya dakika 1,440 za siku nzima, asilimia 6 ni dakika 86 na kitu.

Kwenye picha za kamera inayoingizwa ndani ya umio, ile hitilafu ya utando wa ndani iite mchubuko. Ukisema kidonda, mtu atasikia "vidonda vya tumbo", ambao ni ugonjwa mwingine.

Tuje kwenye saa. "Usile saa 3 kabla ya kulala" inasomeka kama katazo la kula ifikapo saa 3 usiku. Katika mazungumzo watu wameshalitatua hili kwa kusema "masaa" wanapohesabu muda na "saa" wanapotaja wakati, na kwa maoni yangu wana hoja kuliko wanavyopewa sifa. Wahariri hawaipendi "masaa", basi pita katikati: "Ukishakula, pitisha muda wa saa 3 ndipo ulale."

"Mara moja" ni ndugu yake. "Meza kidonge mara moja kabla ya kula" inaweza kumaanisha dozi moja, na inaweza kumaanisha papo hapo kabla ya tonge la kwanza. Kwa omeprazoli na jamii yake tofauti hiyo inaharibu tiba. Dawa hizi huzima pampu za asidi zilizoamshwa na chakula, kwa hiyo lazima ziwe zimeshaingia kwenye damu mlo unapoanza. Andika: "Meza kidonge 1 kila siku, dakika 30 hadi 60 kabla ya kifungua kinywa." Na usiseme dawa hizo "zinapoza" asidi. Zinapunguza utengenezaji wake; zinazoua makali ya asidi iliyokwisha kutoka ni zile za kutafuna au za maji.

Hukuuliza kuhusu fomu ya ridhaa, lakini angalia maneno mawili humo. "Kujaribu dawa" linabeba mambo mawili tofauti: jaribio la kitabibu, na lile zoezi la daktari kumpa mgonjwa dawa kwa wiki 8 aone kama dalili zitatulia. La pili lieleze kwa urefu huohuo, na sema "kutulia", si "kupona", kwa sababu kiungulia kinaweza kutulia huku michubuko ikiwa bado ipo. Neno lingine ni la kugawa washiriki. "Bila mpangilio" linasikika kama uzembe, "kwa kubahatisha" kama kukisia, na "bahati nasibu" linaahidi zawadi. Andika kwamba kompyuta ndiyo itakayochagua kundi la kila mtu, kila mmoja akiwa na nafasi sawa, na kwamba mshiriki wala daktari wake hawatajua nani amepewa dawa ipi.