Kabla Hujatoa Damu: Barua kwa Binti Yangu

Moshi

Mwanangu Rehema,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, na mama yako ameniagiza nimsalimie mjukuu wake kwanza, kisha wewe. Ujumbe wako nimeupata na nimeusoma kwa utulivu. Umeniambia kwamba tangu mtoto atimize miezi mitatu nywele zako zinatoka kwa mafungu kila unapochana, kwamba zahanati moja ya binafsi huko Dar es Salaam imekupa orodha ndefu ya vipimo vya damu wanavyoviuza kwa pamoja, na kwamba kabla ya kulipa ungependa nikwambie, kama mtu aliyefanya kazi maabara mpaka akastaafu, uanze na kipi na kipi ni cha kupotezea fedha. Katika orodha hiyo nimeona vitatu vinavyokufaa sasa hivi. Vilivyobaki vingi havikuhusu, angalau kwa leo. Na uchunguzi unaouhitaji kuliko vyote haumo humo kabisa, kwa sababu haufanywi kwa damu.

Nianze na nywele hizo zinazotoka kwa mafungu, maana ndizo zinazokutisha, ingawa mimi hazinitishi sana. Kichwa cha mtu mzima kina nywele zipatazo 100,000, na kupoteza kati ya 50 na 100 kwa siku ni jambo la kawaida. Kila unywele hukua kwa miaka kadhaa, kisha husimama na kupumzika kwa takribani miezi mitatu, halafu hung'oka wenyewe ili kupisha mwingine. Wakati wa ujauzito homoni huzifanya nywele nyingi ziendelee kukua bila kupumzika, na ndiyo maana msusi wako alikuwa akizisifia. Ukishajifungua homoni hushuka, nywele zilizokuwa zimechelewa huingia mapumzikoni kwa pamoja, na baada ya miezi miwili hadi minne hudondoka kwa pamoja vilevile. Kwa hiyo daktari makini akiona nywele zinatoka kichwa kizima kwa wingi, swali lake la kwanza huwa ni nini kilikupata miezi mitatu iliyopita: kujifungua, malaria kali, homa ya siku nyingi, upasuaji, kujinyima chakula ili kupunguza mwili, msiba mzito, au kuacha vidonge vya uzazi wa mpango. Swali hilo halina bei, na kwa wanawake wengi waliojifungua karibuni linatosha kuwa jibu, kwa kuwa hali hiyo hutulia yenyewe ndani ya miezi sita hivi.

Kuna jambo moja unaloweza kulitazama mwenyewe kesho asubuhi. Chana nywele juu ya kitambaa cheusi, zichukue chache zilizodondoka, na uzitazame ncha zake dirishani penye mwanga. Ukiona kwenye ncha moja kivimbe kidogo cheupe, kidogo kuliko kichwa cha pini, unywele huo umetoka na shina lake baada ya kumaliza muda wake. Ukiona vipande vifupi vya urefu tofauti visivyo na kivimbe chochote, hizo zimekatika njiani, na sababu yake utaitafuta kwenye dawa ya kulainisha nywele, pasi ya nywele na namna unavyozichana, wala hakuna damu itakayokueleza habari zake. Mweleze daktari ulichokiona. Naye atashika kishungi cha nywele kama 50 hivi akivute taratibu kwa vidole; zikitoka zaidi ya sehemu moja ya kumi, kunyonyoka bado kunaendelea.

Sasa vipimo vitatu. Cha kwanza ni FBP, ile picha kamili ya damu, inayochukuliwa kwenye kichupa chenye kifuniko cha zambarau. Mwanamke asiye mjamzito akiwa na himoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu. Mashine hutoa pia ukubwa wa chembe nyekundu, na chembe zikiwa ndogo watu wengi hukimbilia kusema madini ya chuma yamepungua. Hapa uwe mwangalifu. Ninalotaka kusema ni kwamba katika pwani yetu, ya Kenya na ya Tanzania, watu wengi wamerithi aina nyepesi ya thalasemia, hitilafu ya damu ya kurithi, ambayo hufanya chembe ziwe ndogo hata kama chuma kipo cha kutosha. Chembe ndogo peke yake haimtoshi mtu kuandikiwa vidonge.

Ndiyo maana kipimo cha pili, feritini, nakiona kuwa muhimu zaidi kwako kuliko vyote vya damu. Feritini huonyesha akiba ya chuma mwilini, na akiba hiyo huweza kuwa imekwisha wakati himoglobini bado inaonekana nzuri, jambo linalotokea mara nyingi kwa mwanamke aliyebeba mimba, akapoteza damu wakati wa kujifungua, na sasa ananyonyesha. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, mtu mzima mwenye afya akiwa na feritini chini ya mikrogramu 15 kwa lita ana upungufu. Madaktari wengi wa ngozi hupenda iwe juu zaidi, 40 au hata 70, kabla ya kusema kwamba chuma hakihusiki na nywele, ingawa juu ya hilo bado wanabishana. Lakini feritini ina ujanja wake: hupanda mwili unapopambana na ugonjwa. Ukipima ukiwa na malaria, au titi limevimba kwa usaha, au homa yoyote, utaletewa namba nzuri inayoficha akiba iliyokauka, na kwa sababu hiyo Shirika hilohilo limepandisha mpaka huo hadi 70 kwa mtu mzima mwenye maambukizi. Nenda ukiwa mzima, na kama una shaka omba wapime na CRP kwa damu hiyohiyo, ili anayesoma majibu ajue kama mwili ulikuwa vitani. Majibu niliyoyaona yakisomwa vibaya mara nyingi ni ya kipimo hiki, na kosa halikuwa la mashine.

Cha tatu ni TSH, kipimo cha tezi ya thairoidi, ile iliyo mbele ya shingo. Baadhi ya wanawake tezi hii huvimba kimyakimya ndani ya mwaka wa kwanza baada ya kujifungua. Huanza kwa kutoa homoni nyingi kupita kiasi, kisha ikachoka ikatoa chache, na nywele hunyonyoka katika hali zote mbili. Umesema unachoka, unahisi baridi hata Dar es Salaam, na moyo unakwenda polepole. Uchovu wa mama mwenye mtoto mchanga hauhitaji maelezo, lakini hiyo baridi imenifanya nikitaje kipimo hiki bila kusita.

Hapo pana jambo ambalo usipolifuata utakuwa umetupa fedha. Umeniandikia kwamba unameza vidonge vya nywele na kucha ulivyoletewa na rafiki yako, na kwenye picha ya kopo nimesoma mikrogramu 10,000 za bayotini, aina ya vitamini, kwa kidonge kimoja. Mtu mzima anahitaji kama 30 kwa siku, na chakula cha kawaida humpatia. Sina ugomvi sana na kidonge chenyewe, ingawa kwa mtu asiye na upungufu wa bayotini hakuna ushahidi wa maana kwamba humsaidia nywele. Ugomvi wangu ni kwamba mashine nyingi za kupimia homoni hutumia bayotini ndani ya vitendanishi vyake, yaani kemikali za kupimia, ili kunasa kile kinachopimwa, na damu iliyojaa bayotini huvuruga mtego huo. Matokeo yake TSH huonekana imeshuka na homoni za tezi huonekana zimepanda, na mtu mzima kabisa akaambiwa ana ugonjwa wa tezi. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya jambo hili mwaka 2017 na ikalirudia mwaka 2019. Acha vidonge hivyo siku tatu kamili kabla ya kutoa damu, na umwambie mchukua damu kwamba ulikuwa ukivitumia.

Mengine nitayapitia haraka. Kaswende huweza kunyofoa nywele kwa mabaka, na VVU navyo huathiri nywele, lakini vyote viwili ulipimwa kliniki ya wajawazito. Fungua kadi yako uone majibu, na urudie ikiwa tu kuna sababu. Prolaktini, homoni ya maziwa, waliyokuandikia itatoka juu, kwa sababu unanyonyesha, na hivyo ndivyo inavyopaswa kuwa. Nisingependa mtu akutishe nayo. Homoni za kiume hupimwa kwa mwanamke ambaye hedhi yake imevurugika, anaota ndevu, au ana chunusi zisizokwisha, nawe huna hayo. ANA, kinachotafuta magonjwa ya mwili kujishambulia, huonyesha chanya kwa watu wengi wasio na ugonjwa wowote, hivyo kisubiri mpaka pawe na maumivu ya viungo, vidonda vya mdomoni au upele wa usoni. Vitamini D na zinki huweza kusubiri. Kile cha kupeleka unywele wenyewe ng'ambo ili usomwe madini yake, kifute.

Nimefika kwenye lile linalonihangaisha. Mwishoni mwa ujumbe wako, baada ya salamu, umeandika kwamba utosini pamekuwa pepesi na panawasha, wakati mwingine panaunguza, lakini hilo ni la zamani, tangu kabla ya mimba. Mwanangu, hilo ndilo ningelianza. Kunyonyoka kwa uzazi hakuchagui mahali, hakuwashi, na hakuanzi kabla ya mimba. Wepesi wa nywele unaoanzia utosini na kupanuka polepole kama duara, ukiambatana na muwasho au maumivu, kwa wanawake weusi mara nyingi ni dalili ya ugonjwa ambao mashina ya nywele huvimba chini ya ngozi, yakafa, na mahali pake pakabaki kovu. Penye kovu unywele haurudi. Shangazi yako mkubwa alikuwa na utosi wa namna hiyo, na ukoo mzima ulilaumu dawa ya nywele na rasta za kubana. Huenda zilichangia, lakini mwaka 2019 watafiti walionyesha kwamba baadhi ya wanawake wenye ugonjwa huu wana hitilafu katika jeni iitwayo PADI3, na kwamba unaweza kurithiwa. Hupimwi jeni hospitalini kwa ajili yake, lakini habari za shangazi mtajie daktari.

Ugonjwa huu damu haiusemi. Unaweza kulipia orodha yote ile, majibu yote yakatoka safi, ukarudi nyumbani umetulia huku kovu likiendelea kutambaa. Unaotakiwa ni uchunguzi wa ngozi ya kichwa. Daktari bingwa wa ngozi atatumia dematoskopi, kifaa cha mkononi chenye taa na kioo cha kukuzia, aone kama vitundu vya nywele bado vipo au vimezibika pakabaki ngozi laini inayong'aa. Akiwa na shaka atachukua bayopsi: atakuchoma ganzi, atazungusha kisu cha duara chenye upana wa milimita 4, atatoa kipande, wakati mwingine viwili, na atafunga kwa uzi mmoja au miwili. Kipande kizuri hutoka ukingoni, penye nywele zinazoanza kuathirika, kwa sababu katikati penye kipara ugonjwa umeshamaliza kazi na mtaalamu wa patholojia ataona kovu tupu bila kujua lililetwa na nini. Ukimsikia anataka kukata katikati ya kipara, muulize kwa adabu. Matibabu yapo, ya kupaka, ya kuchoma na ya kumeza. Lengo lake ni kuzuia ugonjwa usiendelee, kwa hiyo kila mwezi una thamani. Kwa kuwa unanyonyesha, mkumbushe kabla hajaandika dawa.

Hospitali ya Muhimbili huko Dar es Salaam wana madaktari wa ngozi. Ukiona foleni ni ndefu, njoo huku. Hapa Moshi, katika hospitali ya KCMC, kipo kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kwa ukanda wetu, kilichoanzishwa mwaka 1992, na vichwa vya namna yako wanaviona mara kwa mara. Popote utakapokwenda, fumua rasta siku mbili kabla, usipake mafuta wala kuosha nywele asubuhi hiyo, na ubebe kadi ya kliniki, kopo la vile vidonge, na picha za utosi wako za miaka miwili mitatu iliyopita. Naamini kwenye simu yako hazikosekani, hasa zile za harusi ulipoinama kukata keki. Majibu ya damu uyadai kwa maandishi, yenye vipimo na viwango vya kawaida vya maabara hiyo, maana kuambiwa "iko sawa" mimi siwezi kukusomea.

Ukichagua kuja Moshi, mwambie mama yako siku gani ili ajiandae kukaa na mtoto.

Ni mimi baba yako.