Mradi wa ramani uliofutwa kwenye hifadhidata ya pamoja: usirejeshe nakala juu ya data inayotumika

Assalamu alaykum. Ndugu yangu uliyeuliza namna ya kuurudisha mradi wa QGIS (programu ya kutengenezea ramani) ambao mwenzenu ameufuta kwenye hifadhidata ya PostgreSQL (programu ya kuhifadhi na kusimamia data) mnayoitumia nyote, nakujibu kwa yale yaliyotufika sisi hapa Chake Chake, siku tulipoukosa mradi wa ramani za mikoko ya Micheweni ukiwa na kurasa 11 zilizokwisha pangwa kwa ajili ya kuchapishwa.

Kwanza tambueni kilichopotea. Tangu toleo la 3.2 la mwaka 2018, QGIS inaweza kuuweka mradi ndani ya PostgreSQL, katika jedwali liitwalo qgis_projects, na kila mradi humo ni mstari mmoja tu. Mstari huo umebeba rangi, alama, mpangilio wa kurasa na njia za kuifikia data. Mipaka na vipimo vyenyewe vimo katika majedwali mengine, wala haviguswi mradi unapofutwa. Mwenzetu aliyeufuta alikuwa akitetemeka mikono kwa kudhani amepoteza kazi ya miezi, na hakutulia mpaka nilipomfungulia jedwali la mikoko akaliona kwa macho yake kuwa lipo zima.

Kabla hamjaigusa seva, yaani kompyuta yenye hifadhidata hiyo, ulizaneni kama yupo ambaye bado ameufungua mradi huo kwenye kompyuta yake, kwa sababu kufutwa kwake kwenye seva hakuufungi kwake. Akiwapo, asiufunge wala asizime mashine. Auhifadhi papo hapo kama faili ya .qgz (faili ya mradi wa QGIS) kwenye diski yake, kisha auhifadhi upya kwenye hifadhidata, na shughuli imekwisha. Kwetu hakuwapo.

Hapo ndipo palipotaka kutokea hasara kubwa zaidi. Mmoja wetu, kwa nia njema kabisa, alishaanza kutayarisha nakala ya akiba ya usiku uliopita airejeshe juu ya hifadhidata nzima, ilhali wenzetu wa Wete walikuwa wakiingiza vipimo vipya tangu saa mbili asubuhi, na vyote vingefutika kwa ajili ya kuokoa mstari mmoja. Nilimwomba aondoe mkono kwenye kibodi.

Tulichofanya ni kuunda hifadhidata nyingine tupu pembeni, tukatumia pg_restore, chombo cha PostgreSQL cha kurejesha nakala, kutoa jedwali la qgis_projects peke yake kutoka kwenye nakala iliyotengenezwa na pg_dump, chombo chake cha kutengeneza nakala, kwa muundo wake maalumu (chaguo la -Fc), kisha tukaifungua hifadhidata hiyo ya pembeni kwa QGIS ya kawaida. Mradi ulikuwamo. Tukauhifadhi kwanza kama faili, tukazikagua kurasa zake moja moja, ndipo tukaurudisha mahali pake. Na kwa kuwa mradi hukumbuka anwani ya hifadhidata ya asili, tabaka zote za ramani zilisoma data ya siku ile ile.

Ikiwa hamna nakala ya akiba, lipo tumaini, ila ni jembamba. PostgreSQL haiondoi mstari mara tu unapofutwa. Huuacha kama mfu mpaka usafishaji wa VACUUM upite, na kiongezi cha pg_dirtyread kinaweza kuisoma mistari mifu. Lakini mradi mkubwa hukatwa vipande vya takriban baiti 2,000 na kuwekwa kwenye jedwali la pembeni ambalo husafishwa kwa hesabu yake, kwa hiyo zimeni usafishaji wa moja kwa moja kwa majedwali yote mawili na muwe wepesi.

Sisi baadaye tuliziondolea akaunti za kawaida haki ya DELETE (kufuta) kwenye jedwali hilo, tukaziachia kusoma, kuingiza na kubadilisha, na hakuna kazi iliyokwama. Ukifika kwenye pg_restore ikakataa, andika hapa ujumbe wa kosa wote kama ulivyo, pamoja na matoleo ya PostgreSQL ya mashine zote mbili, iliyotengeneza nakala na mnayorejeshea, kwani pg_restore iliyo kongwe kuliko pg_dump iliyotengeneza nakala mara nyingi hushindwa kuisoma.